Ng'ombe Yupo Ilipo Miguu Yake

Jamhuri ya Sawasawa haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji asijisumbue kuitafuta, hasa asiitafute kwa kuchungulia dirishani kwake. Ni nchi ya mbali sana. Watu wake ni wapole, viongozi wake ni wasikivu, na redio yake husema kweli kila inapopata nafasi.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mbuga iitwayo Lendoya. Siku moja Mtukufu Rais alipita juu yake kwa helikopta akienda kuzindua choo cha shule. Rubani aliposhuka kidogo ili Mtukufu awaone wananchi wake, upepo wa mapanga ya helikopta ulizilaza nyasi ndefu za kando ya mto. Mtukufu akaguswa moyo.

"Zinaniinamia," alisema.

Kisha akatazama upande wa pili, waliko ng'ombe wa wafugaji. Hao nao walikuwa wameinama tangu asubuhi, lakini walikuwa wamekiinamia chakula, na wengi wao walikuwa wamempa Mtukufu mgongo. Mmoja, kwa mujibu wa taarifa ya usalama, aliinua mkia wakati usiofaa.

Helikopta haijatua, amri ikawa imekwisha kutoka. Ng'ombe wote waondoke Lendoya, nyasi ziachwe zirefuke, na mmea wowote ambao kwa ufupi wake hauwezi kuinama usihesabiwe kuwa mzalendo. Ikaundwa Wizara ya Nyasi na Heshima, akateuliwa kuiongoza Mheshimiwa Ngwandumi, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi katika kuinama.

Uzio wa seng'enge ukajengwa kuanzia mtoni hadi kwenye genge, pale mbuga inapobanana kama shingo ya kibuyu. Wafugaji wakasukumwa nyuma ya uzio huo hadi Jiweni, mteremko wa mawe wenye nyasi chache kuliko ndevu za mtoto. Mifugo yote ya Lendoya ikabanwa pale. Ikala majani, ikala mizizi, ikabaki kulamba mawe. Mvua ya kwanza ikauchukua udongo, na Jiweni ikawa vumbi na miiba. Wizara ikalipiga picha vumbi hilo na kuibandika picha katika kila ofisi ya umma, chini yake maneno: HIVI NDIVYO NG'OMBE HUFANYA. Nani aliwapeleka ng'ombe pale? Swali hilo halikupata nafasi kwenye bango.

*

Sikudhani alikuwa amemaliza chuo kikuu, shahada ya elimu ya mimea, na amekaa nyumbani kwa mama yake muda wa kutosha kujua majina ya kuku wote wa mtaani. Alikuwa binti wa moyo laini. Akikanyaga ua, huliomba radhi. Aliamini kwamba ukweli ukishapimwa vizuri utafunguliwa mlango wa mbele na kukaribishwa chai.

Wizara ilipotangaza nafasi ya Mthibitishaji wa Taifa, akaenda kwenye usaili. Katibu Mkuu, Bwana Mgaza, alimuuliza maswali machache.

"Unaona vizuri?"

"Naona vizuri, mzee."

"Unaona tunachokuonyesha?"

"Nadhani nitakiona."

"Umepata kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Siku ya Nyasi ilikuwa inakaribia, ambapo Mtukufu angetia sahihi sheria ya kuifunga Lendoya milele na kujenga ukuta badala ya uzio. Katiba ya Sawasawa, ambayo iliandikwa na watu waliokuwa na haraka, ilikuwa na kifungu kimoja cha ajabu ambacho kila mtu alisahau kukifuta: kabla ardhi haijafungwa, mtaalamu asimame mbele ya umma athibitishe kwamba imestawi. Mtaalamu huyo ndiye Sikudhani. Naye alifurahi. Chuoni aliona picha nyingi za nchi zilizotafunwa na mifugo hadi mifupa, na alidhani anakwenda kuyatetea maua.

*

Alikwenda Lendoya na fremu ya mbao yenye pande nne, kubwa kiasi cha meza ya chai. Bwana Mgaza alifuatana naye akiwa amevaa suti.

"Naitupa nyuma ya bega bila kuangalia," Sikudhani alieleza. "Itakapoangukia, naandika kila aina ya mmea iliyomo ndani. Kisha natupa tena kwingine."

"Bila kuangalia?"

"Ukiangalia utachagua mahali pazuri, mzee."

"Ndiyo maana tunaangalia."

"Lakini tunataka kujua mbuga yote ilivyo."

"Na ikiangukia pabaya?"

"Tunaandika pabaya."

Bwana Mgaza akamtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoifahamu vizuri.

Sikudhani akaitupa. Haikufika chini. Nyasi zilikuwa zimesongamana hata fremu ikabaki juu yake inaning'inia, kama sinia lililowekwa juu ya godoro. Akazitenganisha kwa mikono yote miwili, akaingiza kichwa. Chini kulikuwa na giza. Majani makavu ya mwaka juzi yalilala juu ya makavu ya miaka mingine, yananuka uvundo. Alitafuta ukoka, akakosa. Alitafuta mchunga na mlenda pori, akakosa. Alichopata ni kikonyo kimoja cha kunde za porini, cheupe kama kitu kilichokulia kabatini, nacho kilikuwa kimekwisha kufa.

Akatupa tena, na tena. Kila mahali nyasi ndefu zile zile, na chini yake kaburi lile lile.

"Kuna aina moja tu, mzee," alisema, na sauti yake ilikuwa na majonzi. "Nyasi ndefu zimeinyima mimea mingine mwanga."

"Aina moja inatosha," alisema Bwana Mgaza. "Hata Rais tunaye mmoja."

*

Walipokuwa wanarudi garini kwa kuufuata uzio, Bwana Mgaza akiwa mbele anapangusa suti, Sikudhani akasimama ghafla. Miguuni pake kulikuwa na njano, zambarau na nyeupe.

Ulikuwa utepe mwembamba wa ardhi, ndani ya uzio, unaoambaa na seng'enge kadiri jicho linavyoona. Nyasi ndefu hapo zilikuwa fupi, na katikati yake vilikuwa vimejaa vijimea. Kulikuwa na ukoka, kunde za porini zenye maua kama masikio ya panya, mbigiri, mchunga, na vingine ambavyo alivijua kwa jina la kitabuni tu. Katikati ya maua hayo kilikuwa kichwa cha ng'ombe kinatafuna. Shingo ilikuwa imepenya kati ya nyaya mbili. Mwili ulikuwa nje.

"Usimguse huyo," sauti ilisema. "Huyo ni Balozi. Ana kinga."

Upande wa pili wa seng'enge alikaa mwanamke mrefu juu ya jiwe, akichonga fimbo. Jina lake Mama Nadupoi, na ng'ombe alikuwa wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa serikali unayerusha dirisha?"

"Si dirisha, mama. Ni fremu."

"Nilikuona. Nikasema, masikini, binti mzuri namna hii, wamemtoa hospitali kabla hajapona."

Sikudhani akacheka bila kupenda. "Kwa nini anaitwa Balozi?"

"Kichwa kiko nchi za nje, mwili uko kwetu. Anakula kwao, analala huku."

Sikudhani akapiga magoti akaanza kuhesabu aina. Vidole vikamwishia, akaomba vya Mama Nadupoi. Navyo vikaisha. Alipomtazama miguuni, Mama Nadupoi alikataa kuvua makatambuga yake kwa ajili ya serikali.

Hapo ndipo binti yule alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma kama kofi. Nyuma yake, ambako hapakuingia ng'ombe hata mmoja, palikuwa na mmea mmoja. Mbele yake, Jiweni, ambako ng'ombe hawakuruhusiwa kutoka, hapakuwa na mmea. Lakini hapa katikati, ng'ombe walizipunguza zile ndefu, kisha shingo zikachoka, waya ukawachoma, wakaondoka kabla hawajamaliza. Mwanga ukashuka hadi chini, kila kilichokuwa kimelala udongoni kikaamka. Utepe wote ulikuwa na upana uliolingana na urefu wa shingo ya ng'ombe.

"Zamani mlilishaje?" aliuliza.

"Tulihama. Nyasi zikishuka karibu na kifundo cha mguu, twende zetu. Unadhani tulikuwa tunatembea kwa kupenda vumbi?"

"Na sasa?"

Mama Nadupoi aliacha kuchonga. "Sasa nimezika ndama wawili Jiweni. Huyu Balozi ana mimba, na maziwa ya wajukuu wangu ni yeye. Kama si huu utepe angekuwa ngozi. Wakijenga ukuta, shingo haitapita." Akamtazama. "Nasikia ni wewe utakayesimama kusema."

"Ni mimi. Nitasema ukweli, mama."

"Utaanza kumwambia nani?"

"Wizara."

Mama Nadupoi alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayempa fisi mkono wa salamu.

*

Mheshimiwa Waziri alimsikiliza Sikudhani mpaka mwisho. Kati ya yote aliyoambiwa, alishika neno moja.

"Kichwa cha ng'ombe kimeingia Lendoya?"

"Vingi, mheshimiwa. Kila siku."

Baridi ikapita mezani. Wiki iliyopita tu Mheshimiwa alikuwa ameapa redioni, mbele ya Mtukufu, kwamba tangu uzio ujengwe hakuna ng'ombe aliyeingia. Basi likawa suala la dola. Akaitwa Mwanasheria wa Wizara, Wakili Mshindo, aeleze ng'ombe ambaye kichwa kiko ndani na miguu iko nje yupo wapi.

"Tukisema yupo kilipo kichwa," alisema Wakili Mshindo, "Mheshimiwa ameapa uongo. Tukisema yupo lilipo tumbo, basi nyasi zinasafirishwa nje bila kibali, na hilo ni kosa la forodha."

"Daktari wa mifugo anasemaje?" Waziri aliuliza.

Daktari wa mifugo aliomba ajibu baada ya chakula cha mchana. Alipokwisha kula aliomba ajibu baada ya uchaguzi.

Kikao kilikwenda hadi alasiri. Mwishowe Wakili Mshindo akasimama, akavua miwani, akatamka kwa sauti nzito: "Ng'ombe yupo ilipo miguu yake."

Makofi yakapigwa. Uamuzi ukachapwa katika Gazeti la Serikali siku hiyo hiyo ukawa sheria: ng'ombe yeyote ambaye miguu yake iko nje ya uzio, yuko nje ya Lendoya, hata sehemu nyingine za mwili wake zifanye nini.

"Basi na yale maua?" Sikudhani aliuliza.

"Yamo ndani ya uzio?" Waziri aliuliza.

"Yamo."

"Na ndani ya uzio, kwa mujibu wa sheria, kuna ng'ombe?"

"Kwa mujibu wa sheria, hakuna, lakini..."

"Kwa hiyo yameota kwa sababu hakuna ng'ombe. Hongera, binti, umefanya kazi nzuri. Hesabu yako ya pale ndiyo utakayoisoma kwa mbuga yote."

"Mheshimiwa, shingo zile zikizuiwa, maua yale yatakufa."

"Yatakufa kabla ya Siku ya Nyasi?"

"Hapana. Baada yake."

"Basi hakuna tatizo."

Sikudhani alitoka akakaa kwenye ngazi za Wizara, akalia. Aliyahesabu maua yale kwa vidole vyake na vya Mama Nadupoi, na sasa kila ua alilolihesabu lingekuwa tofali la ukuta. Alilia mpaka mlinzi akamletea kiti. Kisha akajifuta uso, na mlinzi alisema baadaye kwamba hakuupenda uso ule uliobaki.

*

Kesho yake alikwenda Jiweni kwa miguu. Wafugaji walikusanyika, akawaeleza yote, na alipofika kwenye uamuzi wa miguu watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Nadupoi peke yake hakucheka.

"Hebu rudia. Shingo ya Balozi ni halali?"

"Halali kabisa."

"Bora miguu isiuvuke uzio."

"Bora isiuvuke."

Mama Nadupoi alisogea hadi kwenye uzio. Mkandarasi aliyeujenga alikuwa mpwa wa Waziri, na mashimo ya nguzo aliyachimba kwa kina cha bakuli. Mama akaisukuma nguzo kwa nyonga, kama mtu anayefunga mlango mikono ikiwa na mzigo. Nguzo ikang'oka na udongo wake, waya ukiwa bado umeishikilia.

"Na uzio wenyewe," alisema, "sheria inasema uko wapi?"

Sikudhani akafikiri. Alikuwa ameisoma sheria ya uzio hadi nukta ya mwisho. "Haisemi. Imekataza kuuvuka, kuukata, kuuruka na kupita chini yake. Haijasema uko wapi."

Halafu mzee mmoja nyuma akaanza kucheka, pole pole, na safari hii hakuna aliyeshika bega la mwenzake. Walikuwa wanaangalia nguzo.

"Watakufukuza kazi, mwanangu," alisema Mama Nadupoi.

"Watanifukuza."

"Ulikaa bila kazi muda gani kabla ya hii?"

"Muda mrefu, mama. Lakini nimesoma miaka yote ile nikaja kujua kwamba maua yanahitaji mdomo wa ng'ombe. Siwezi kusimama mbele za watu nikasema sijui." Akasita. "Ila tusikae mahali pamoja. Tukikaa mno, Lendoya nayo itageuka Jiweni. Tusogee kabla nyasi..."

"Unanifundisha kuhama?"

"Samahani, mama."

"Usiombe samahani. Jifunze kushika nguzo."

*

Siku ya Nyasi ilianza vizuri. Wafungwa waliletwa tangu alfajiri kuzichana nyasi. Jukwaa lilijengwa katikati ya mbuga, likafunikwa zulia la kijani ili lifanane na nyasi zilizofyekwa kulipisha. Bendi ya polisi ilipiga wimbo wa taifa mara kadhaa kujipa joto. Msafara wa Mtukufu ulisubiri darajani, kwa kuwa itifaki ilimtaka afike baada ya mtaalamu kumaliza, ashukie kwenye makofi.

Mheshimiwa Ngwandumi alihutubia kwanza.

"Ndugu wananchi, dunia nzima inatuonea wivu. Wengine wana nyasi, lakini nyasi zao zinafanya zinavyotaka. Zetu zina msimamo mmoja. Sasa mtaalamu wetu, msomi, kijana, tena mwanamke, atathibitisha."

Sikudhani akapanda.

"Jina langu Sikudhani, na kazi yangu ni kuhesabu mimea," alisema. "Nimepita Lendoya yote. Ndani ya uzio mmebakiza aina moja, inayosimama juu ya maiti za nyingine. Maua mliyoahidiwa yapo kwenye utepe wenye upana wa shingo ya ng'ombe, na yapo kwa sababu ya shingo hiyo. Jiweni haikuharibiwa na ng'ombe. Iliharibiwa na aliyewafungia pale."

Kipaza sauti kikazimwa. Aliendelea bila hicho.

"Mnataka niseme mbuga imestawi. Haijastawi, imenyamazishwa. Sithibitishi."

Bwana Mgaza alikimbilia kipaza sauti, akakiwasha, akawatangazia wananchi kwamba mtaalamu alifukuzwa kazi tangu jana, na kwa hiyo yaliyosemwa leo hayakusemwa na mtu.

Alikuwa bado anatangaza pale bendi ilipoacha kupiga, ala moja baada ya nyingine. Wote walikuwa wanatazama upande wa Jiweni.

Uzio ulikuwa unakuja.

Ulikuja wote, kutoka mtoni hadi kwenye genge, nguzo mabegani mwa watu, wanawake kwa wanaume, waya ukicheza kati yao na kumeta juani. Walitembea taratibu. Nyuma yao walikuja ng'ombe, pua zao zikigusa seng'enge, hata ukwato mmoja haukuutangulia uzio. Walikokuwa wamepita, nyasi zilikuwa zimelala na nyingine zimo midomoni, na juu ya lile godoro la makavu kulikuwa na matundu ya kwato.

"Wakamateni," alisema Waziri.

Kamanda wa polisi alikuwa mtu wa kufuata taratibu. "Kwa kosa lipi, mheshimiwa?"

Wakili Mshindo alifungua sheria yake, akapekua, akafunga, akafungua tena. "Kuna aliyevuka uzio?"

"Hakuna. Uzio uko mbele yao."

"Kuna miguu ya ng'ombe ndani?"

Kamanda aliangalia kwa darubini. "Yote iko nje."

"Jana uzio ulikuwa wapi?" Waziri alifoka.

"Mheshimiwa," alisema Wakili Mshindo kwa unyonge, "sheria haikuuliza."

Sikudhani alikuwa ameshuka jukwaani, amesimama tu nyasini anangoja. Watu walipofika waliuinua waya juu ya kichwa chake, wakaushusha nyuma yake. Kwa kuwa uzio ndio uliompita yeye, na si yeye aliyeupita uzio, hakuvunja sheria yoyote. Mzee mmoja aliyekuwa anahema alimpa nguzo yake, naye akaiweka begani.

Jukwaa nalo lilifikiwa. Waya ukapanda juu ya viti, juu ya bendi, juu ya kofia ya Kamanda, ukateremka upande wa pili. Mheshimiwa Ngwandumi alijikuta nje ya Lendoya kisheria, miguu yote miwili, katikati ya ng'ombe. Balozi alisimama mbele yake akilinusa zulia, akaonja, akatema.

Simu ya upepo ikalia mkononi mwa Waziri. Ilikuwa sauti ya Mtukufu kutoka darajani.

"Ngwandumi, sisikii makofi."

"Kumetokea jambo dogo, Mtukufu."

"Niandae kalamu au nisiandae? Nipe mpaka wa ardhi ninayoifunga, nitie sahihi."

"Mpaka, Mtukufu..." Waziri aliangalia mgongo wa uzio ukizidi kwenda mbele. "Mpaka umebebwa."

"Umebebwa na nani?"

Miaka yote ile katika utumishi Mheshimiwa hakuwahi kujibu swali kabla ya kufikiri jibu linalotakiwa. Lakini ng'ombe alikuwa anampumulia usoni, na jibu likamtoka.

"Na wenyewe, Mtukufu."

Mbele huko Sikudhani hakusikia lolote. Mama Nadupoi alikuwa anamwambia aishike nguzo chini zaidi, asije akaumia mgongo, na asitembee kama mtu aliyeiba. Akaihamisha nguzo kutoka bega la kushoto hadi la kulia, maana mbuga ilikuwa bado pana.